Usiku Niliitwa Jajuok Juu ya Mfupa wa Dome

Wacha niwape hii stori kabla watu wa ploti yetu hawajawapea ile yao, maana yao imeshaota mkia.

Mimi hutengeneza mapambo, hereni na mikufu na pete, na karibu zote ni za viumbe vya bahari, pweza, papa, kasa. Ndio najua, naishi Manyatta hapa Kisumu na bahari iko zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, kila mtu huniuliza kwa nini nisichonge mbuta, samaki wa ziwa letu, kama watu wa kawaida. Mbuta nachonga pia. Lakini kasa ndiye hunilipia nyumba. Kenya tuko na aina tano za kasa baharini, na yule anaitwa ng'amba alimalizwa vibaya sana juu ya gamba lake, watu walikuwa wanalifanya vitana na bangili mpaka biashara yake ikapigwa marufuku kimataifa 1977. Kwa hivyo mteja akitaka kasa shingoni namfanyia wa brasi, brasi ya koki za maji na makufuli yaliyokufa, nanunua kwa kilo kwa watu wa skrapu, na kasa mwenyewe anabaki kwa maji yake.

Kuyeyusha brasi si shida, shida ni kalibu, ile ya kumwagia brasi ishike umbo. Mimi hutumia mfupa wa dome. Dome ni ndugu ya pweza na ngisi, na ndani ya mgongo ana kitu cheupe chepesi, kirefu kama slipa ya mtoto. Akifa kinaelea mpaka ufuoni, unaokota bure bila kuua mtu yeyote. Unasugua viwili vikae bapa, unachonga umbo lako kwa msumari, unavifunga pamoja na waya, unamwaga chuma cha moto kwa shimo la juu. Utamu wake ni kwamba ule mfupa uko na mistari mistari kama mchanga maji yakishatoka, na ile mistari inabaki kwa brasi. Binamu yangu wa Mombasa huniwekea kwa basi ya usiku, katoni nzima.

Lakini moto ukiugusa unanuka kama nywele zinaungua juu ya omena. Na lazima ukauke kabisa, ukibaki na unyevu hata kidogo mvuke unatema chuma nje.

Hio siku nilikuwa na oda ya kidani cha kasa, inachukuliwa asubuhi. Mchana watoto wa ploti hawakupi nafasi, kila mmoja anataka kushika, nikangoja walale. Saa saba usiku, stima imepotea, nikatoka nyuma ya choo na jiko langu la makaa na kale kablowa ka kuzungusha na mkono. Joto lilikuwa lile la Kisumu la kulala sakafuni, nikabaki na kaptula na aproni ya ngozi. Ukiniangalia mbele unaona aproni na miguu tu, kaptula haionekani, naomba mkumbuke hapo. Miwani ya kuchomelea machoni, barakoa puani, makaa yanawaka chini yangu, na pale mbele mfupa mweupe umefungwa na waya.

Ndio mama wa namba nane akatoka kwenda choo.

Sikumwona. Nilikuwa nimeinua kichungu cha kuyeyushia na koleo, brasi imeiva rangi ya chungwa, naanza kumwaga pole pole, mara nasikia mbele yangu, "JAJUOK!"

Wueh. Kama wewe si wa huku, jajuok ni yule mtu wa kukimbia usiku uchi akirushia watu mawe kwa mabati. Mkono ukaruka. Brasi nusu ikaingia, nusu ikaenda chini, na ule mfupa kumbe nilikuwa nimeuhifadhi kando ya mtungi wa maji, ukatema. Tone moja likaangukia slipa yangu ya kushoto, ikashika moto nikiwa ndani.

Wewe ungefanya nini? Niliruka. Niliruka na mguu mmoja nikizunguka jiko, nikipiga kelele zisizo na maneno, alafu nikaitupa ile slipa kwa teke moja na ikaenda kutua wapi? Juu ya mabati ya namba nane. Paaa!

Mama wa watu hakuhitaji ushahidi mwingine.

Kabla sijapata pumzi ploti yote iko nje na tochi za simu, keateka, msimamizi wa ploti, mbele na rungu, mimi nimesimama mguu mmoja kama korongo. Akamulika ule mfupa.

"Kijana, hio mfupa ni ya nani?"

"Ya dome, mzee."

"Dome ni nani?"

Hapo ndio ningefikiria kwanza. Badala yake nikajitetea mbio mbio, "Mzee, mimi sikumuua Dome! Alikufa mwenyewe kwa maji, huko Mombasa, mimi nililetewa mfupa tu na basi!"

Kimya. Mtu akauliza kwa sauti ya chini kama familia yake inajua. Mama mmoja akaanza kulia, na mpaka leo sijui alikuwa analilia nani.

Simu ndio iliniokoa. Nikamwonyesha keateka picha ya dome akiogelea, mikono minane na ile mingine miwili mirefu, macho kama amechoka na maisha. Akaiangalia sana, akaipitisha, ikazunguka watu wote.

"Huyu ndio marehemu?"

Ndio.

"Na analiwa?"

Huko pwani analiwa.

Hapo watu wakatulia kabisa, wawili wakaanza kubishana atapikwa na supu ama akaushwe kwanza. Mama wa namba nane peke yake ndio alikataa, akasema mtu mzuri hayeyushi vitu usiku, akaenda kulala bila hata kuingia choo.

Kasa nilimtoa kwa kalibu asubuhi. Gamba safi, mistari yote iko, lakini hana kichwa, brasi iliishia shingoni. Nikamwambia mteja ameficha kichwa ndani ya gamba. Akafurahi, akalipa. Baada ya siku tatu akanitumia meseji kwamba amesoma na kasa wa bahari hawezi kurudisha kichwa ndani, wa kufanya hivyo ni kobe. Ni kweli, hawezi. Nikamrudishia nusu.

Slipa bado iko kwa mabati ya namba nane. Nilimwomba keateka ngazi juzi. Akasema nitapata, lakini nipande saa sita mchana, na nivae shati.