Mwanangu Kapewa Ujerumani

Mimi na historia hatuna ugomvi. Ugomvi wangu ni na ule ujumbe ulioingia grupu la wazazi Jumatano saa tatu usiku: keshokutwa darasa la nne wanaigiza vita vya Lugalo, Wahehe wa Mtwa Mkwawa dhidi ya Wajerumani, kila mtoto aje na vazi la mhusika wake. Nikamuuliza kijana, "Wewe nani, Mkwawa?" Akajibu kwa fahari, "Zelewski!"

Sasa, sisi Wahehe. Tena wa Kalenga, pale pale lilipo fuvu la Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954. Na baba yangu mzazi yuko kwangu mwezi mzima, anatibiwa macho. Namwambiaje kwamba mjukuu aliyerithi jina lake ndiye kamanda wa Wajerumani, yule waliyemwita Nyundo?

Sikumwambia.

Nikaenda Karume, kwenye mitumba. Wenzetu wenye watoto Wahehe wanawafunga kaniki ya bibi, kazi imekwisha. Mjerumani ana mahitaji: shati la kaki, mkanda, buti, kofia ngumu. Sh35,000! Kututawala atutawale yeye, na nguo nimnunulie mimi. Masharubu mama yake akayachora kwa maka pen.

Kadi ilisema saa mbili. Mgeni rasmi kaingia saa nne na nusu, kahutubia dakika arobaini. Lugalo yenyewe, tarehe 17 Agosti 1891, ilikwisha kwa dakika chache: Wahehe walivizia vichakani, wakatoka na mikuki Wajerumani hawajajipanga. Angekuwepo mgeni rasmi wetu, wangekuwa bado wanatambulisha meza kuu.

Mzee nikamkalisha nyuma kabisa. Jicho moja lina bandeji, nikajipa moyo kwamba hatamtambua mtu. Kumbe lile jingine daktari alishalimaliza, tena vizuri kuliko nilivyolipia.

Mwanangu akaingia kwa maringo. Wahehe wakaruka kutoka nyuma ya ndoo za maua, wakamchoma. Hakufa. Wakamchoma tena. Yuko wima. Mwalimu akamnong'oneza, "Kufa!" Mtoto akajibu kwa sauti, na kipaza sauti kiko wazi: "Baba kasema nikichafua hizi nguo ataniua yeye."

Ukumbi mzima ukanigeukia. Mkwawa akaanza kulia.

Ndipo nikasikia nyuma kule kiti cha plastiki kinalia. Mzee kasimama juu yake, bakora hewani: "Mchomeni! Mnamchekea nini huyo?" Mjukuu kuiona ile bakora, akavua kofia, akaipangusa, akaiweka kando, akafa.

Leo siku ya tatu, masharubu hayajatoka. Tumesugua kwa mafuta ya taa, kwa ndimu, kwa dawa ya meno. Asubuhi mtoto anamwambia "Kamwene, babu," mzee anageukia ukutani. Na jana kaniomba namba ya mzazi wa Mkwawa. Anataka kumpelekea jogoo.