Mwajuma si jina la kuchekwa

Juma bado ni jina linalobebwa kwa raha. Tuna Juma Nature, tuna Juma Jux, tulikuwa na Juma Kaseja langoni mwa Taifa Stars, na sijawahi kusikia mtu akiangua kicheko kwa sababu tu kipa au mwanamuziki anaitwa Juma. Sasa mpe mtoto wa kike jina hilohilo, aitwe Mwajuma. Watu wanatabasamu kabla hajafungua kinywa. Kwenye kundi la WhatsApp lazima atokee wa kuongezea "Ndala Ndefu", na wote wanaelewa anayesemwa ni nani: binti wa uswahilini, mpenda shari, asiyejua kuvaa. Linaniuma jambo hili, kwa sababu hilo ndilo jina la mama yangu.

Jina limetokana na Ijumaa, siku ambayo Waislamu hukusanyika msikitini, na kukusanyika ndiyo asili ya neno lenyewe kwa Kiarabu. Waswahili waliipa siku hiyo uzito mpaka hesabu ya wiki nzima ikaanzia baada yake: Jumamosi ya kwanza, Jumapili ya pili, hivyo hivyo hadi Jumatano, kisha Alhamisi na Ijumaa yenyewe. Mtoto akizaliwa siku hiyo ilikuwa heri juu ya heri. Wa kiume aliitwa Juma, wa kike Mwanajuma, na ulimi ukalikata likawa Mwajuma. Dada zake ni Mwanahamisi wa Alhamisi, Mwanaidi wa sikukuu, Mwantumu, Mwanaisha.

Na hapo kwenye "Mwana" ndipo penye utamu. Wengi tunasikia mtoto tu, lakini huko Lamu, Pate na Siyu Mwana lilikuwa jina la heshima la mwanamke, bibi mwenye nyumba yake na kauli yake. Mwana Kupona binti Msham, aliyemtungia binti yake utenzi wa wosia mwaka 1858, alikuwa Mwana. Na binti huyo naye aliitwa Mwana Hashima. Upande wa wanaume kulikuwa na Mwinyi, ndiyo maana tuna Mwinyijuma, au Mwinjuma. Mbunge wa Muheza, Hamis Mwinjuma, ambaye wengi tunamjua kama MwanaFA, ana Alhamisi na Ijumaa ndani ya jina lake, na hakuna anayemcheka. Mwinyi kabaki na heshima yake, Mwana kafanywa kichekesho. Hili siwezi kulikubali.

Kwa maoni yangu jina halikuharibika lenyewe. Liliharibiwa kwa kuangalia nani analibeba. Akina Mwajuma walitoka Kilwa, Rufiji, Pangani, wakaja Dar es Salaam kuuza maandazi na kupika chakula cha mama ntilie. Wachekeshaji walipohitaji mwanamke maskini wa kuchekwa, wakachukua jina lake. Wazazi nao wakakimbia. Leo kwenye akika nyingi ninazohudhuria nasikia Nasra, Ilham, Nawal, Samiha. Ni majina mazuri, sina ugomvi nayo. Lakini tazama kinachoachwa: Aisha anabaki, Mwanaisha anaondoka. Kinachokatwa ni ile sehemu yetu, ya Kiswahili.

Wapo wanaoniambia majina hupanda na kushuka, niache kulalamika. Ni kweli. Tabu, Shida, Sikujua, Sikudhani, hayo nayo yamepungua na siyalilii, maana mara nyingi mtoto alibebeshwa machungu ya mzazi wake maisha yake yote. Mwajuma hakubebeshwa machungu ya mtu. Alipewa siku bora kuliko zote walizokuwa nazo waliompa.

Mpwa wangu alirithishwa jina la mama. Kwa desturi yetu wenye jina moja ni masomo, basi tangu siku ya saba bibi na mjukuu wakawa wanaitana "somo". Bibi akifika, lazima ana kanga ya somo wake kwenye mkoba, hata mtoto alipokuwa bado hajaota meno. Nyumbani hakuna aliyethubutu kumtukana mtoto yule, maana ungekuwa unamtukana bibi. Kisha akaanza sekondari. Jina lilipoitwa darasani wenzake wakacheka, mwalimu akacheka nao, na kabla muhula haujaisha mtoto akataka aandikwe kwa jina lake la pili. Kwenye madaftari sasa ameandika "M." na nukta. Bibi yake aliyaona mezani, akauliza hiyo M ni ya nani. Hakuna aliyemjibu.

Wazazi simlazimishi mtu, mtoto ni wenu. Ila kama bibi yupo na jina lake ni hilo, msilikimbie kwa kuogopa watu wa mtandaoni. Waandishi wa vichekesho, mkimtaka mtu wa kuchekwa, kazi yenu ni kubuni: mpeni tabia ya kuchekesha, si jina. Na walimu ndio hasa nawasemea hapa, kwa sababu kwenu ndiko jina linakosomwa kwa sauti kila asubuhi. Lisomeni Mwajuma kama mnavyolisoma Juma, na atakayecheka asimame awaeleze wenzake anachekea nini.