Rangi Zikigoma Kwenye Vim, Iulize Kwanza

Faili la Python likifunguka kwenye Vim, kihariri cha maandishi, bila rangi yoyote za kutofautisha msimbo, wengi hukimbilia kuandika `syntax on` (amri ya kuwasha rangi) ndani ya `.vimrc`, faili la mipangilio ya Vim. Isipofua dafu, wanaanza kupakua programu-jalizi. Hapo ndipo muda unapopotea bure. Kutambua aina ya faili ni kazi moja, kupaka rangi ni nyingine, na hiyo ya pili huitegemea ya kwanza. Anza na `:set filetype?`, inayoiuliza Vim imelitambua faili kuwa la aina gani.

Jibu likija `filetype=` tupu, Vim haijui imefungua nini. Andika `:filetype` uone kama utambuzi umewashwa; ukikuta OFF, weka `filetype plugin indent on` ndani ya `.vimrc`. Ukikuta ON, tazama jina la faili. Skripti isiyo na kiendelezi hutambuliwa kwa mstari wake wa kwanza, ule wa `#!`, nao husomwa faili linapofunguliwa. Kama umeanza na faili tupu ukauandika baadaye, iamuru Vim itazame upya: `:filetype detect`.

Jibu likija lakini si lenyewe, amri ninayoiamini kuliko zote ni `:verbose set filetype?`. Inakutajia faili lililoweka aina hiyo mara ya mwisho, kwa hiyo huna haja ya kubahatisha. Mfano ni mafaili ya `.tpl`, ambayo Vim huyaita smarty (lugha ya violezo). Kama yako ni HTML, tengeneza `~/.vim/ftdetect/tpl.vim` lenye mstari mmoja:

`autocmd BufRead,BufNewFile *.tpl set filetype=html`

Usiandike `setfiletype html` hapo. Hiyo hunyamaza ikikuta aina imeshawekwa, na kanuni za Vim yenyewe hutangulia zako. Wala usijiridhishe na `:set syntax=html`: rangi zitakuja, lakini ujongezaji na mipangilio mingine ya HTML haitakuja, nawe utadhani umemaliza.

Kwenye seva za Debian na Ubuntu kuna mtego mwingine. Mara nyingi kilichosakinishwa ni `vim.tiny`, toleo dogo lililopunguzwa, na ukiandika `syntax on` kinakurudishia kosa E319, yaani amri hiyo haimo. Endesha `vi --version`. Ukiona `-syntax`, yaani uwezo wa rangi haumo, hakuna utakachoandika kwenye `.vimrc` kikasaidia. Sakinisha Vim kamili: `sudo apt install vim`. (Debian pia huzima modeline, mipangilio ya Vim inayoandikwa ndani ya faili lenyewe, kwa hiyo mstari kama `# vim: set ft=python:` hupuuzwa mpaka uweke `set modeline`.)

Aina ikiwa sahihi na bado rangi zinakatika, tazama urefu wa mistari. Data ya JSON iliyobanwa kwenye mstari mmoja hukosa rangi baada ya safu ya 3000, kikomo cha `synmaxcol`. Kupaka rangi faili zito kukizidi milisekunde 2000 za `redrawtime`, kikomo cha muda wa kuchora skrini, Vim huzima rangi na kukuarifu; ongeza hadi 10000. Rangi zikivurugika katikati ya faili baada ya kuruka mbali, `:syntax sync fromstart`, inayolisoma faili upya tangu mwanzo, huzirudisha, ingawa kwenye faili kubwa utauona uzito wake.