Shemeji Kaja Kupumzika

Hapa nilipo miguu iko kwenye beseni la maji ya chumvi, na mama Neema ananiuliza, bila aibu, "Mmepumzika vizuri?"

Kaka yake kaja kutoka Dar. Kanunua darubini, kavaa kofia ya kufunga kidevuni. "Shemeji, kesho tutembee taratibu tu korongo la Isimila, tutazame ndege." Kwa shemeji utasema nini? Nikaitikia kama nimeitwa kikao cha ukoo.

Hiace ikatushusha barabara ya Mbeya, kama kilomita 20 kutoka Iringa mjini, tukaingia vumbi kwa mguu. Bodaboda shemeji akawakataa, eti wanafukuza ndege. Begi nikabeba mimi.

Korongo lenyewe, nisiseme uongo, linapendeza. Maji ya mvua yamekula ardhi miaka na miaka, yakaziacha nguzo zimesimama kama wazee wa baraza. Mzee anayetembeza wageni akatuonyesha shoka za mawe za watu wa kale, akatueleza kuhusu kiboko wa zamani aliyetokeza macho juu ya kichwa. Nikamtazama shemeji na darubini yake, nikanyamaza.

Tukafika kwenye ukuta wenye matundu. "Keremkerem," akanong'ona. "Humo ndimo wanamotaga. Usipumue."

Dakika 40. Jua utosini, upepo wa Iringa mgongoni. Nzi akanitua puani. Nikamwachia, mimi ni mtu mzima. Hatimaye kichwa kikachungulia tunduni, shemeji akaanza kutetemeka kwa furaha.

Simu yangu ikaita. Katika kuhangaika kuizima nikaipokea, tena kwa spika.

"Baba Neema! Marejesho ya wiki mbili! Unalipa au hulipi?"

Wale wakopeshaji wa kausha damu, unawajua, hata Jumapili hawana. Korongo likadaka: hulipi... lipi... lipi. Nguzo moja ikaipasia nyingine. Wazungu wawili kule juu wakageuka. Keremkerem akatoka, na wenzake wanne nyuma, wakaenda zao bila kuaga. Nikajibu kwa heshima, "Dada, niko kwenye kikao." Kikao... kao... kao.

Mzee akakohoa. "Kijana, na mimi wananidai haohao."

Shemeji kanuna mpaka nyumbani. Lakini huo mkopo niliukopa kwa ajili ya nani? Kuku watatu, kreti la soda, godoro la mgeni! Angesema anakula wadudu kama hao ndege wake, nisingekopa hata mia!

Sasa anataka Jumamosi twende hifadhi ya Kitulo, kwenye baridi ya kugandisha ugali, akamwone mbayuwayu wa buluu. Mbayuwayu! Chini ya bati langu wamejaa, wananichafulia mashati kwenye kamba kila asubuhi, na hawana kiingilio.

Mama Neema! Maji yamepoa!