Thamani ya Fotokopi ya Mtumba Imo Kwenye Kaunta

"Lipa kwanza, utalalamika baadaye." Ndilo jibu anapewa mwagizaji ambaye mzigo wake umekwama kwenye bohari ya makontena ya Embakasi, Nairobi, baada ya afisa wa forodha kupandisha thamani. Linakera zaidi likitoka kinywani mwa ajenti wa forodha aliyelipwa kumtetea.

Kwanza tuzike ule uongo wa "kompyuta hazina ushuru". Ushuru wa forodha ni asilimia 0, sawa, lakini kuna VAT asilimia 16, ada ya tamko la uagizaji (IDF) 2.5 na tozo ya maendeleo ya reli (RDL) 2, zote juu ya CIF, yaani bei ya mzigo pamoja na bima na nauli. Laptopu ya ex-UK, yaani iliyotumika Uingereza, yenye thamani ya Sh15,000 inatozwa Sh3,075. Afisa akiiandika Sh40,000, inakuwa Sh8,200. Kwa laptopu 300, tofauti ni zaidi ya milioni moja na nusu.

Kwenye fotokopi mambo ni mabaya zaidi. Gari lina jedwali la uchakavu linalojulikana. Fotokopi inakadiriwa kwa jina la modeli, basi. Chukua mashine mbili za modeli moja na mwaka mmoja. Moja imetoa nakala 80,000 katika ofisi ya wakili, nyingine 1,400,000 katika duka la uchapishaji. Hiyo ya pili inadai dramu, fyuza na mkanda wa kuhamishia picha kabla haijatoa ukurasa mmoja safi, na vipuri hivyo vinaweza kupita bei ya mashine yenyewe. Mwenye saiba wa River Road anauliza kaunta, yaani hesabu ya nakala ambazo mashine imeshatoa, kabla ya kuuliza bei. Mfumo wa forodha hauna habari na kaunta.

Na sheria haiko upande wa makadirio ya jina. Jedwali la Nne la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 linaanza na bei iliyolipwa kweli. Afisa akiitilia shaka, anakwenda kwa bidhaa zinazofanana kabisa, na kufanana huko ni pamoja na ubora. Hata akifika njia ya mwisho, amekatazwa kutumia bei ya chini iliyopangwa, thamani ya kubuni, au bei ya soko la ndani la nchi mzigo ulikotoka. Kwa hivyo picha ya tovuti ya duka la Uingereza ambayo afisa huitoa kama ushahidi haina kazi.

Haya, nikubali kwa shingo upande: wapo wanaoleta ankara ya mstari mmoja, "fotokopi kuukuu, vipande 40", kwa bei ambayo hata tona haiwezi kununua. Mtu kama huyo akipandishiwa thamani, asinililie.

Ushahidi unatengenezwa kabla ya kontena kufungwa. Kila mashine iwe na mstari wake: modeli, namba ya mfululizo, mwaka, nakala nyeusi na za rangi kando, na kilichokosekana (diski kuu imetolewa? finisha ya kupanga na kubana karatasi haipo?). Muuzaji achapishe ukurasa wa kaunta mashine ikiwa bado kwenye umeme, maana ikishafungwa plastiki hakuna atakayeiwasha. Linganisha pia kaunta ya jumla na ya dramu. Bodi ikibadilishwa, kaunta inaweza kurudi sifuri, na mashine ya nakala 900 yenye dramu iliyokwisha itamtia shaka afisa yeyote mwenye macho. Ambatisha uthibitisho wa malipo ya benki. Nauli igawanywe kwa uzito au ujazo. Ukiigawa kwa idadi, printa ya mezani itabeba nauli ya fotokopi ya kilo 150.

Cheti cha PVoC, cha ukaguzi wa ubora kabla ya mzigo kusafirishwa, kiwe tayari kabla ya meli kuondoka. Hapo hakuna mjadala.

Thamani ikipandishwa, omba maelezo ya maandishi ya jinsi ilivyofikiwa. Ni haki yako. Hapohapo omba mzigo utolewe kwa dhamana, kwa sababu kinachowafanya watu walipe kimyakimya ni gharama za uhifadhi na kontena zinazopanda kila siku. Ajenti asiyejua kuomba dhamana, au ambaye leseni yake iliisha tarehe 31 Desemba na anatumia ya mwenzake, mnyang'anye makaratasi.

Halafu kifungu cha 229 cha Sheria hiyohiyo: una siku 30 tangu uamuzi kuomba upitiwe upya, naye Kamishna wa Forodha ana siku 30 kukujibu. Akinyamaza, ombi limekubaliwa. Ndiyo, akinyamaza! Ila siku zake zinahesabiwa tangu barua yako ipokewe, kwa hivyo nakala yako ipigwe muhuri wa tarehe. "Niliiacha kwa dawati" si ushahidi.