Ilsa alikufa 1975, akafufuliwa 1976

Filamu ya Ilsa, She Wolf of the SS, iliyotoka mwaka 1975, inaanza na maandishi. Mtayarishaji anatuambia kisa kimejengwa juu ya mambo yaliyotokea kweli kwenye kambi za Wanazi, na kwamba anatumaini unyama ule hautarudiwa. Chini kuna jina: Herman Traeger. Ni jina la bandia. Nyuma yake alikuwa David F. Friedman, mfanyabiashara wa siku nyingi wa filamu za miili na damu. Kazi nzima ilipigwa kwa siku tisa, kwenye seti iliyoachwa na Hogan's Heroes, tamthilia ya vichekesho ya televisheni ya Marekani kuhusu kambi ya wafungwa wa vita.

Mwishoni Ilsa, mwanamke mkuu wa kambi anayewafanyia wafungwa majaribio ya kitabibu, anapigwa risasi na askari wa upande wake mwenyewe, na kambi inateketezwa. Mwaka uliofuata akarudi mzima kwenye Ilsa, Harem Keeper of the Oil Sheiks. Hajazeeka, na hakuna anayeeleza amefufukaje. Sasa yuko kwenye nchi ya Kiarabu isiyokuwepo kwenye ramani, akisimamia wanawake waliotekwa ili wawe watumwa wa shekhe. Tumezoea kusema stelingi hafi. Hapa asiyekufa ni adui.

Wanaozitetea filamu hizi wana hoja, na sizidharau. Wanasema hakuna aliyekata tiketi ya Ilsa akidhani anaenda darasa la historia. Wanasema Dyanne Thorne, mwigizaji wa Ilsa, aliibeba filamu mabegani enzi ambazo wanawake wengi walipewa kazi ya kupiga mayowe na kuokolewa. Na kwamba katika ile ya kwanza wafungwa wenyewe ndio wanaoshika silaha. Hoja inayonisumbua zaidi ni ya The Night Porter ya mwaka 1974. Nayo ilichezea uhusiano wa kimwili kati ya afisa wa SS, kikosi cha Wanazi kilichoendesha kambi, na mfungwa wake, ila ilijadiliwa kama sanaa. Kwa nini aibu yote iangukie filamu ya bei rahisi? Hapo wananibana kweli, na ndiyo maana siungi mkono kuzipiga marufuku.

Lakini sehemu ya pili ndiyo iliyoniondolea shaka. Kama lengo lilikuwa kukumbuka, Ilsa anatafuta nini kwa masheikh wa mafuta? Jibu lilikuwa kwenye vituo vya mafuta vya Marekani. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilizuia mafuta, bei ikapaa, watu wakakesha kwenye foleni wakiwa na hasira. Mnazi akapata mwajiri mpya anayechukiwa msimu ule. Wanawake walioteswa mbele ya kamera walibaki palepale, vyombo vya kutazamwa tu.

Ilsa mwenyewe husemwa ametokana na Ilse Koch, ambaye hakuwa mkuu wa kambi ya Buchenwald bali mke wa mkuu wake. Na Ravensbrück, kambi kubwa ya wanawake kaskazini mwa Berlin, haikuwahi kuwa na mkuu mwanamke. Walinzi wa kike walikuwepo na ukatili wao ulikuwa wa kweli, ila aliyeongoza upasuaji wa majaribio kwenye miguu ya wafungwa alikuwa daktari mwanamume, Karl Gebhardt, aliyenyongwa mwaka 1948. Wanawake 74 wa Kipolandi walipasuliwa. Wakajiita sungura, kwa vile walifanyiwa kama wanyama wa maabara.

Sungura hao hawakukaa kimya. Waliandika barua za kawaida ambazo wakaguzi walizipitisha, na katikati ya mistari wakaandika kwa mkojo majina ya waliopasuliwa. Nyumbani ndugu walipitisha pasi ya moto juu ya karatasi, maandishi yakajitokeza. Mwanzoni mwa 1945, habari zilipoenea kuwa watauawa, wafungwa wenzao waliwaficha na kuwabadilishia namba.

Tukio lile la barua lisingehitaji bajeti kubwa. Lingepigwa hata ndani ya siku zile tisa: meza, karatasi, pasi, na ndugu waliosimama kimya wakisubiri herufi ya kwanza ionekane.