Rangi Haijipaki Yenyewe

"Kwani rangi si inawekwa na kompyuta? Basi punguza laki moja hapo."

Aliyeniambia hivyo ni mteja wangu hapa Busia, mtu mzima mwenye duka na heshima zake. Nilikuwa nimemaliza kumwonyesha mhusika ambaye yeye mwenyewe aliniagiza nimchore kwa kitabu cha watoto: shangazi mwenye gomesi (lile gauni refu la heshima la wanawake wa Uganda), kikapu kichwani, anatoka sokoni saa sita ya mchana. Mistari haikumpa shida hata kidogo. "Mkono unao, kijana," akasema. Alipofika kwenye rangi ndipo akakumbuka kuwa anaijua kompyuta. Kumbe mkono wangu una bei, jicho langu ni nyongeza ya bure kama nyanya ya mwisho kwenye fungu.

Sikumjibu, kwa sababu ni mzee. Nyinyi mtanivumilia.

Mistari wengi wetu tulijifunza nyuma ya daftari la hesabu. Nachora kwa penseli, napiga picha kwa simu, naiingiza kwenye Krita, programu ya kuchorea (ndiyo, ni ya bure, msiniulize tena), kisha napitisha wino kwenye leya ya juu, yaani tabaka linalolala juu ya picha kama karatasi angavu. Baada ya hapo zinakuja rangi bapa: ngozi leya yake, gomesi leya yake, mshipi, kikapu, ndizi zilizomo. Hapa ndipo watu wanapodhani unabonyeza mara moja ukanywe chai. Kweli lipo lile kopo la kumwaga rangi. Mstari ukiwa na mwanya mdogo kuliko tundu la sindano, rangi inavuja ukurasa mzima. Usipokuwa na mwanya, bado inabaki pindo nyeupe kandokando ya wino, na unarudi kuipitia kwa brashi pole pole huku ukiomba umeme usikatike.

Lakini hiyo ni kazi ya uvumilivu tu. Naweza hata kukubali kwamba haistahili laki. Ninachogombania mimi ni ngozi ya yule shangazi.

Chukua kahawia, uipake. Sasa kwa kivuli chukua kahawia hiyohiyo uitie weusi. Umepata nini? Umepata mtu wa majivu. Vitabu vingapi vya watoto wetu vimejaa watu wa majivu, nyuso kama zimetoka kulala jikoni, na hakuna anayeuliza! Mwangalie jirani yako akisimama juani. Kwenye bega lake pale panapong'aa kuna buluu, kwa sababu ngozi nyeusi yenye jasho inaakisi mbingu. Kivuli chini ya mkono wake hakielekei weusi, kinaelekea zambarau na wekundu wa damu. Viganja ni habari nyingine kabisa.

Halafu tupo karibu na Ikweta, jua la saa sita linakaa utosini. Vivuli havikimbilii pembeni kama katika michoro ya watu wa Ulaya tunayoiga kwenye intaneti. Vinadondoka chini: chini ya nyusi, chini ya pua, chini ya kidevu. Na huyu ana kikapu kichwani! Kwa hiyo uso wake wote umo kivulini. Sasa utauonaje? Mwanga unamfikia kutoka chini, umepiga kwanza barabara yetu ya murram na kupanda juu ukiwa mwekundu. Kidevu na chini ya mashavu vinapata joto la udongo, mabega yanapata baridi ya mbingu, na paji la uso linabaki jeusi tulivu. Nilipofika hapo ndipo shangazi akawa mtu anayetembea Busia. Naomba nionyeshwe kitufe kinachojua kwamba barabara yetu ni nyekundu.

Kompyuta inachofanya, na hili nalikubali kwa shingo upande, ni hesabu. Leya ya vivuli naiweka katika hali ya kuzidisha, na rangi ya chini inakolea bila kufunikwa. Nikikosea narudi nyuma, jambo ambalo mchoraji wa rangi za maji hana. Lakini rangi ya kivuli, mahali kilipo na ukali wa ukingo wake ni juu yangu. Waliosoma Chuo Kikuu cha Makerere, pale shule ya sanaa ya Margaret Trowell, watacheka kwamba haya wachoraji wa rangi za mafuta waliyajua kabla tableti haijazaliwa. Wacheke. Ndicho ninachosema hasa.

Gomesi nayo ilikuwa na visa vyake. Kitambaa chake kinateleza kama hariri, kwa hiyo mng'ao ni mwembamba na mkali, hasa kwenye zile ncha za mabega, kisha unakatika ghafla penye mkunjo. Ningekuwa nimemvika lubugo ingekuwa kinyume: kile kitambaa cha gome la mutuba, ambacho kimo katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika tangu 2008, kinameza mwanga, kingo zote zinakuwa laini. Ingekuwa kazi tamu zaidi, lakini nani anaenda sokoni na lubugo?

Akili mnemba? Niliyoijaribu ilimpa gomesi yenye vifungo katikati ya kifua kama shati la shule. Vifungo viwili, upande wa kushoto. Hata mtoto wa dada yangu anajua.

Kuhusu uchapishaji nitasema moja tu: ile kijani inayowaka kwenye simu wino hauwezi kuitoa. Faili ya A4 inayoenda kwa mchapaji ni pikseli 2480 kwa 3508, na rangi nazibadilisha mwenyewe ziwe za wino kabla haijafika Nasser Road, ule mtaa wa wachapaji Kampala, la sivyo uwekundu wote nilioutesekea unarudi kahawia ya matope. Hiyo pia sikumdai.

Mzee wangu, bei ni ileile. Ukitaka mistari mitupu nitakupa, nakupunguzia hiyo laki bila kinyongo, na kalamu za rangi unaziuza dukani kwako.